Nyota mbili, na zote mbili ni za chungu

Nimechelewa kuandika hii. Safari yenyewe tulifanya mwezi wa nane 2024, kabla ya haya mambo yote ya vita iliyofika hapa mjini 2025, lakini kila nikibandika maharage kwenye mbabula (jiko la makaa) nakumbuka kuna neno sijalitoa, basi leo nalitoa. Ni ile safari ya siku moja ambayo ajansi moja ya hapa Bukavu, mashariki ya Kongo (jina siweki, wenyewe wanajijua) walikuwa wanaitangaza kwenye statu za WhatsApp: "Gorila na Pygmées, siku moja, kwenda na kurudi, chakula ndani." Nawapa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za chungu nilichonunua kule. Ajansi yenyewe haina hata nusu.

Mtoto wa dada yangu alikuja kutoka Ubelgiji na mchumba wake, binti wa kizungu mpole sana, sombe (majani ya muhogo) anakula bila kuuliza iko nini ndani, wakataka kuona Kahuzi, parki ya gorila. Wakaniambia mama mudogo twende wote. Mimi nimezaliwa Kadutu, hapa hapa Bukavu, nina miaka hamsini na kitu, na Tshivanga, pale pa kuingilia parki, ambayo ni kama kilomita thelathini hivi kutoka mjini nilikuwa sijaikanyaga, aibu kabisa, nikakubali siku ile ile.

Gari ilichelewa saa nzima. Njia mnaijua, Kavumu, Miti, kisha unapanda kwenye mashamba ya chai na mifupa inahesabika moja moja. Chakula "ndani" ilikuwa mkate na yai moja ya kuchemsha kwa kila mtu, na juisi ya moto ya kukaa kwenye jua. Hayo nasamehe.

Gidi wao, yule wa kuongoza wageni, alikuwa kijana wa adabu, amevaa vizuri, Kifaransa chake kinateleza kama sabuni. Vijana wakapanda na wapisteri wa parki, wale wanaofuata nyayo za gorila, mimi magoti yangu hayapendi mlima, nikabaki naye pale chini, na akanipa historia ya gorila mpaka nikasahau baridi. Nasema ukweli, hapo alikuwa mzuri. Anawajua kwa majina. Chimanuka na familia yake kubwa. Mugaruka aliyepoteza mkono kwa mtego. Bonane, ambaye jina lake ni bonne année, heri ya mwaka mpya. Nani ni mtoto wa nani, nani alimnyang'anya mwenzake mabibi, nani ana hasira na nani anajifanya mkali tu, anasimulia na anacheka mwenyewe utafikiri anasema habari za majirani zake wa Nyawera. Akanikumbusha hata ile noti ya 50.000 zaïre ya wakati wa Mobutu yenye picha ya gorila, kweli nikaikumbuka, ile iliyokuwa inayeyuka mkononi kabla hujafika sokoni.

Na sheria za kule juu nilizipenda pia. Unavaa barakoa, unakaa mbali, hugusi, saa moja ikiisha mnatoka, hata kama ulilipa dola mamia. Juu gorila anaweza kushika mafua yako akafa. Vijana walirudi macho yanawaka, binti alikuwa karibu kulia kwa furaha, hiyo sehemu ni kazi ya watu wa parki, ajansi haina sifa yoyote pale.

Sasa tukashuka kwa "Pygmées".

Kijiji sitaji, wana matatizo ya kutosha. Tulipofika tulikuta wameshapangwa mstari. Wanaume wanne wamefunga majani kiunoni, majani bado mabichi, na chini ya majani kila mmoja ana kaptula yake, moja ilikuwa ya Barcelona, naiona kabisa. Wamama nyuma wanapiga makofi. Mtoto mmoja wamempaka kitu cheupe usoni na usoni ule hakuna furaha. Wakacheza, na walicheza vizuri, ngoma ilikuwa ya kweli hata kama majani ni ya uongo, mzee mmoja wa kama miaka sabini alikuwa anapiga mguu chini mpaka unasikia kwenye kifua. Kisha gidi akasimamisha ngoma, akasema kwa Kifaransa kwamba sasa mzee atawasalimia wageni kwa kipygmée, lugha ya zamani ya msitu.

Mzee akaongea. Akaongea kirefu, kwa kidole. Gidi akatafsiri: anasema roho za mababu wa Kahuzi zinawakaribisha, moyo wake umejaa furaha kuona wageni kutoka mbali.

Bandugu, mimi ni Mushi, lugha yetu ni Mashi. Yule mzee alikuwa anaongea Mashi! Ana lafudhi yake, anavuta maneno kidogo, lakini Mashi safi kama ya koko (bibi) yangu wa Kabare. Na alichosema ni hiki, nakiweka kwa Kiswahili neno kwa neno: "Wewe kijana, mara ile ulileta watu kama hawa ukasema utarudi na sabuni, katoni mbili, na chumvi. Tukacheza. Sabuni hatujaiona. Leo tena umekuja mikono mitupu na unataka ngoma ya pili, hiyo ngoma ya pili utaicheza wewe na mama yako."

Nilicheka kwa sauti, sikuweza kujizuia. Wote wakageuka. Nikamjibu mzee kwa Mashi, tate, tumekusikia, ya sabuni tumeisikia. Akanyamaza akaniangalia kutoka kichwa mpaka miguu, kisha akaanza kucheka na yeye, akacheka mpaka majani ya kiunoni yakaanza kudondoka. Gidi alikuwa anatafuta kitu kwenye simu yake.

Sasa hapa nisimame kidogo juu wengi hata mjini hapa wanasema hivyo hivyo, "kipygmée". Hakuna lugha inayoitwa hivyo. Batwa, hao wanaoitwa "Pygmées" wa upande huu, wanaongea Mashi, wengine Kihavu, wengine Kitembo, kufuatana na watu waliokaa nao. Kule Ituri Waefe wanaongea lugha iliyo karibu sana na Kilese, wengine wanaongea Kibila, na Waasua wana ya kwao. Ni watu wengi tofauti, ni kama mtu aje akusanye Mushi, Murega na Mufulero aseme hawa wote wanaongea "kibukavu". Na hilo neno lenyewe "pygmée" ni la Kigiriki, linatokana na kipimo cha kutoka kiwiko mpaka ngumi, yaani mtu anaitwa kwa sentimita zake. Mzee wetu yeye ana maneno ambayo mimi sina. Baadaye nilimuomba aniambie majina ya miti tuliyokuwa tunaiona kule juu ya kijiji, akanitajia moja moja, huu wa tumbo, huu wa asali, huu ukiwaka hautoi moshi, na mimi Mushi msomi wa Bukavu hiyo yote naiitaga tu "miti". Hiyo njo lugha ambayo gidi alipaswa kutafsiri. Badala yake, nilipomuuliza kwa nini amedanganya, akaniambia polepole, "Mama, ile ni patois tu, bazungu hawataelewa utofauti."

Patois, yaani kilugha cha kijijini tu. Lugha ya mama yake na yeye, juu kijana ni wa Walungu, Mushi kama mimi! Haya maneno tulipewa shuleni tukayashika kama biskuti, Kifaransa ni lugha, Kiswahili na Lingala basi zinapita pita, na Mashi ni patois, na ukishuka chini ya Mashi kuna Mutwa ambaye hata patois yake tunamwambia si yake.

Lakini nilikuwa bado sijakasirika. Kukasirika ilikuja kwa foto.

Gidi akamvuta yule mwanaume wa Barcelona, akamwambia mchumba wa mtoto wetu "simama karibu yake, tuone urefu". Akaweka mkono wake juu ya kichwa cha mwanaume, akaupeleka mpaka kwenye bega la binti, anacheka. "Bako kabisa ndugu ya ba gorila, ila hawa wanapenda chumvi." Akasema kwa Kiswahili akifikiri ni utani kati yetu sisi. Mwanaume hakusema kitu. Alikuwa anaangalia mbali, ile namna unaangalia ukiwa kwa daktari wa meno. Binti akatoka kwenye foto mwenyewe bila hata kuelewa maneno, akaenda kukaa kwenye gari.

Kwa gorila kuna barakoa, kuna umbali, kuna saa moja. Kwa watu hakukuwa na sheria hata moja. Na gidi anayejua gorila wote kwa majina, nilipomuuliza huyu mwanaume anaitwa nani, akaniambia "sijui mama, uulize tu". Amemletea watu mara ngapi? Nikauliza mwenyewe. Akaniambia jina lake, la baba yake na la babu yake. Hapa siliandiki, si la kuwekwa kwenye matangazo.

Kwenye gari kurudi mtoto wetu ndiye aliyeanza kusema. Yeye anakaa karibu na Tervuren, pale kwenye makumbusho ya Kongo, akasema nje ya kanisa la pale kuna makaburi saba ya Wakongomani. Mwaka 1897 mfalme wa Wabelgiji, Leopold, alileta watu 267 kutoka huku wakakaa kwenye vijiji vya bandia ndani ya bustani, Wabelgiji wanalipia gari la moshi kuja kuwaangalia, saba wakafa mwaka ule ule. Na mimi nikakumbuka ya Ota Benga, kijana wa Kongo aliyepelekwa Marekani na mzungu mmoja Verner, 1904 wakamuonyesha St. Louis, 1906 wakamuweka kwenye zoo ya Bronx huko New York, kwenye nyumba ya nyani, pamoja na orangutani, na watu maelfu wakaja kuchungulia meno yake yaliyochongwa. 1916 alijipiga risasi. Shirika la ile zoo limeomba radhi 2020, miaka mia na zaidi. Sasa soma tena tangazo la ajansi: "Gorila na Pygmées, siku moja". Tiketi moja! Kama kuna mtu aliandika lile tangazo bila kufikiri chochote, njo ubaya wenyewe, juu haikumbidi kufikiri, maneno aliyakuta tayari.

Kingine. Binti aliuliza kwa nini hawa watu wako hapa kando ya mashamba ya watu na siyo msituni. Gidi akajibu walitoka wenyewe kutafuta maendeleo. Huo ni uongo wa kulipiwa. Msitu wa Kahuzi Wabelgiji waliufanya rizavu tangu 1937, parki yenyewe ikazaliwa 1970 ikiwa na hekta 60.000, 1975 ikapanuliwa mpaka 600.000, 1980 Unesco ikaiweka kwenye urithi wa dunia, na katikati ya hiyo miaka ya 70 Batwa waliondolewa, hakuna aliyewauliza, hakuna aliyewalipa. Na wapisteri wa kwanza waliomsaidia Deschryver, Mbelgiji aliyeanzisha parki, kuzoeza gorila walikuwa nani? Batwa. Wao njo walijua gorila analala wapi. Yule mzee wa sabuni aliniambia baba yake alizikwa ndani, na ili aende kwenye kaburi anahitaji ruhusa, na ruhusa hawajawahi kumpa.

Najua kuna watakaosema mbona 2018 walirudi kwa nguvu, miti ikakatwa, makala (makaa) ikauzwa, walinzi wa parki wakafa na Batwa wakafa. Ndiyo, najua. Na makala ya mbabula yangu inatoka wapi, mimi sijaulizaga, na wewe je? Lakini sheria ya kulinda haki zao imetoka Kinshasa tarehe 15/7/2022, na Tume ya Afrika ya haki za binadamu imetangaza 2024, mwaka ule ule wa safari yetu, kwamba serikali iliwakosea na iwarudishie ardhi. Gidi wa kulipwa dola sitini kwa kichwa hawezi kusema hajasikia.

Basi, chungu.

Niseme kwanza jambo la kwetu. Koko yangu, mama ya baba, alikuwa na vyungu sita na vyote ni vya Barhwa, ndivyo Mashi inavyowaita Batwa. Walikuwa wanakuja kutoka juu wamevibeba mgongoni kwa kamba, unajaza chungu maharage, maharage yanakuwa yao na chungu chako. Chungu cha Mutwa njo tulipikia, njo tulihifadhia maji, njo kasiksi, pombe ya ndizi, ililala ndani. Lakini Mutwa mwenyewe akiomba maji ya kunywa, kulikuwa na kibuyu kimoja kimevunjika mdomo, kinakaa nje juu ya ukuta wa zizi. Kibuyu chake. Siku moja nikiwa mtoto nilikichukua nikanywa, koko akanipiga fimbo tatu. Mzungu hakuwepo pale zizini. Ila babu alikuwa anasimulia wakati wa Wabelgiji, yeye "indigène", mwenyeji tu, na ile kadi ya immatriculation ya 1952, ya kuhesabiwa umestaarabika, kwamba mtu akiiomba wanakuja kukagua nyumbani unakula kwa meza au chini, una uma au huna, na babu akisimulia hayo hasira inampanda, na kibuyu kiko pale pale nje anakiona.

Sasa kule kijijini, nyuma ya nyumba, si kwenye onyesho, nikamkuta mama mmoja ana vyungu vinne vimekauka vinasubiri moto. Gidi hakutuonyesha hiyo. Anauza vichache vya mapambo pale kwenye gari kwa dola 15, mama akaniambia yeye anapata franga 3000 kwa kimoja, yaani kama dola moja wakati ule, na udongo siku hizi ananunua juu bonde lina mwenyewe. Nikanunua kwake moja kwa moja, kikubwa cha kupikia, tukapatana bei ambayo hapa siandiki ila hakunicheka. Akanionyesha mdomo wa chungu, ule mstari wa vidoti unaozunguka shingoni, anaufanya kwa kakamba ka nyasi kaliyosokotwa, anakabingirisha kwenye udongo ukiwa bado mbichi. Kila mama ana kasokoto kake, akasema, anaweza kuona chungu sokoni akajua ni mkono wa nani.

Na akanipa masharti ambayo ajansi haijampa mteja yeyote. Siku ya kwanza usipike chakula, chemsha maji ya unga wa muhogo mpaka yawe kama gundi, acha yapoe ndani usiku mzima, yanaziba vile vitundu. Usiweke kikavu kwenye moto. Usimwage maji baridi ndani kikiwa moto. Sabuni marufuku, majivu na maji yanatosha. Kwenye gazi usikiweke, moto wa gazi unauma pahali pamoja. Kile cha dola 15 alichonunua binti hakuna aliyemwambia, alikibandika kwenye plaki ya umeme kule Ubelgiji, kikapasuka katikati na supu ikaenda chini. Alinitumia foto. Ajansi ingeweza kusema maneno mawili tu.

Cha kwangu sasa kina muda mrefu na bado kinanitumikia. Kimeiva cheusi chini, juu bado kina ile rangi ya matofali. Maharage yanachukua kama saa tatu, makala kidogo tu, juu kikishashika moto hakiachi, unaweza kutoa makala nusu na chenyewe kinaendelea kutokota polepole, tok, tok. Mchuzi unakuwa mzito bila kuweka kitu. Na kuna kaladha ka udongo wa mvua ambako sufuria ya aliminiamu haikupi hata ukiomba. Jirani yangu alikula akauliza nimeweka nini, nikasema chungu cha Mutwa. Kijiko kikasimama hewani kidogo. Kisha akaongeza.

Kwa hiyo, kama mnataka kwenda: gorila nendeni kupitia ofisi ya parki yenyewe, msipitie kwa hawa. Chungu, mtafuteni mwenye mkono wake. Majani ya kiunoni acheni.

Na nyinyi wa ajansi, najua mtasoma juu mtoto wetu atawatumia. Katoni mbili za sabuni na chumvi. Mzee bado anahesabu.